Barua ya wazi kwa mdogo wangu: do inahama

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma halafu kimya. Basi nakuandikia hapa, maana najua shemeji husoma hapa, na shemeji hawezi kulala na jambo. Shemeji, salamu, na unisamehe kwa kukutuma bila kukuomba.

Jumapili mwanao alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anajifunza sauti ya pili ya wimbo wa kufungulia mchezo wao wa kuigiza, kwanza kwa solfa, zile do, re, mi mpaka ti, kisha kwa maneno, akataka nimwambie kama anashuka. Anashuka kidogo kwenye ti. Nani hashuki kwenye ti? Lakini mimi masikio yangu yalikuwa kwingine. Nyuma yake maji yanatiririka, sahani zinagongana, na kuna mwanaume anafuata kwa chini, bila maneno, besi. Kila mwisho wa mstari anamsubiri mtoto avute pumzi, kisha wanaingia pamoja. Sijui nimeurudia ule ujumbe mara ngapi. Miaka yote hii nilidhani umesahau.

Jumanne akanipigia analia. Baba amekataa kusaini fomu. Baba amesema kwaya na maigizo ni ya watoto waliochoka kusoma.

Haya, tuzungumze hayo masomo. Mazoezi yao ni Jumatano na Ijumaa baada ya vipindi, saa moja na nusu. Amepewa nafasi ya hakimu, ana mistari 14, na mstari mmoja tu kati ya hiyo ndio mrefu. Huyu ni mtoto ambaye mwaka jana akisalimia wageni ilibidi mumrudishe mara mbili, sauti inaishia kwenye meno. Sasa mwalimu wao anamkalisha mwanafunzi mmoja kiti cha mwisho kabisa ukumbini, asiposikia neno ananyoosha mkono, na aliyeko jukwaani anarudia. Bila kupiga kelele. Kupiga kelele kunachosha koo na maneno yanazidi kupotea. Anafundishwa kuvuta pumzi mpaka chini tumboni, mabega yatulie, na kulimaliza neno. Lugha yetu inakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ile ya mwisho hufa yenyewe mdomoni: hakimu anasema "nimeamua" na ukumbini inafika "nimeamu". Mwanao ameshajua hilo. Nilimsikia akilitamka neno zima kwenye simu, analia, "amekataa", mpaka ile a ya mwisho.

Na kama hutaki aimbe, yapo mengine. Kuna wa maleba, wa taa, wa vifaa, kuna anayekaa pembeni na mswada mkononi kumnong'oneza aliyesahau. Kuna wa pazia.

Najua. Nilipoandika pazia nilijua.

Nilikuwa na miaka 17 na mwalimu alikuwa ameniachia kwaya ya watu 32. Naomba hilo uliweke mbele kabla hujaendelea kusoma, maana nyumbani lilikuwa haliwekwi. Wewe ulikuwa na 14. Ile sehemu ya peke yako, kabla pazia halijafunguka, ilikuwa yako tangu mwezi wa kwanza wa mazoezi, na hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu ukianza hata wale wa nyuma waliacha kusukumana. Siku tatu kabla ya mashindano ukapanda kwenye so ya juu, sauti ikagawanyika mara mbili, nusu ikapanda nusu ikaanguka. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Wewe unasema nilicheka. Sikucheka.

Usiku ule nilihesabu siku, nikampa mwingine ile sehemu. Mtu yeyote angefanya hivyo! Haydn, mtunzi mkubwa kabisa wa muziki, aliimba utotoni katika kanisa kuu la Mtakatifu Stefano kule Vienna, na sauti ilipovunjika, mwaka 1749 hivi, wakamtoa kwaya. Nilikwambia habari hiyo mwaka ule nikidhani nakufariji. Ukanijibu, "Haydn hakutolewa na kaka yake." Wakati huo nililiona ni jibu la jeuri.

Siku hizi nimesoma, nimeuliza walimu wanaofanya kazi hii vizuri. Zoloto la mvulana, pale kooni sauti inapotokea, linakua upesi, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti inashuka karibu oktavu nzima, kutoka do moja mpaka do ya chini yake, huku misuli bado haijui pa kushika. Ya msichana nayo hushuka, ila kidogo. Mwalimu anayejua hamnyamazishi mtoto. Anamtafutia noti chache za katikati, anamwachia aimbe polepole bila kulazimisha, kila baada ya wiki kadhaa anampima tena, maana leo si ya jana. Mimi haya sikuambiwa na mtu. Nilikuwa na kinanda chenye funguo mbili zisizolia na ubao wenye d, r, m.

Lakini nimeanza barua hii nikisema nitaandika kweli.

Ule ubao ndio unaonishitaki. Unakumbuka mwalimu alivyopenda kueleza solfa ilikotoka, Sarah Glover wa Uingereza na yule mchungaji, John Curwen, aliyeuchukua mfumo wake na kuueneza katika karne ya 19 ili hata asiye na ala aweze kusoma wimbo? Na kila alipomaliza alipiga ubao kwa kiganja: "Do inahama!" Do si mahali, do ni pale utakapoiweka. Wimbo wetu ulikuwa do ni G. Ningesema tu "leo do ni E", chini kidogo ya G, nikatoa mlio, na watu 32 wangeimba solfa ile ile waliyoikariri, wala kisifutwe kitu ubaoni. Besi wangelalamika wanachimbishwa kisima. Wangelalamika, wangeimba. Na wewe pengine ungeipata so yako, pengine usingeipata. Sikujaribu. Wazo lilikuja, nilikuwa nimeshika chaki, nikaliacha lipite, kwa sababu wimbo ukiwa juu uling'aa zaidi na nilitaka ung'ae.

Tukawa wa pili. Wa pili hawakupewa kikombe.

Hilo la kukunyang'anya sehemu naamini uliwahi kunisamehe, kabla ya lile jingine. Tulikuwa tumeshapanga mistari nyuma ya pazia. Ulikuwa mstari wa nyuma kati ya wale wawili, unawajua. Nikakuinamia, siku hizo bado nilikuwa nakuinamia, nikakunong'oneza: "Fungua mdomo tu. Usitoe sauti." Hukujibu. Ulitazama shati langu, kile kifungo cha pili nilichokuwa nimekishona kwa uzi mweusi. Pazia likaenda. Ukafungua mdomo. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio mara mbili, na pumzi ulivuta pale pale tulipopatana kuvuta. Hukukosea hata silabi moja. Niliongoza nikikutazama wewe tu, na nilifurahi kwamba sikusikii.

Nyumbani Mama akakushika kichwa kwa mikono miwili akasema katika sauti zote zile ameitambua ya mwanawe. Nilikuwa mlangoni na begi la bluu. Ukanitazama mara moja. Nikaanza kufungua begi.

Umeniuliza siku ile tulipogombana kwa nini sikusema kitu. Ningesema nini? Nimwambie Mama hakukusikia? Alituacha akiamini kwamba alikusikia, na alilitaja mpaka mwisho mwisho, wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwa mbali. Wewe ndiye uliyesema huji mpaka mimi niondoke. Nilikaa na sentensi ile ya Mama peke yangu, kila alipoirudia, na kila mara niliitikia "ndiyo, Mama, alisikika". Kama ni adhabu, sehemu nimeitumikia.

Samahanini nyie wengine mnaosoma. Nilisema nitaongea habari za fomu.

Uliomba kuvuta pazia na ukalivuta miaka miwili, hukukosa hata zoezi moja. Nilikudhania umenuna. Mtu aliyenuna hukaa nyumbani, mdogo wangu. Wewe ulikuja kila Jumatano kusimama gizani unashika kamba, unazisikiliza sauti zote nne kutoka upande. Huko ndiko ulikoijulia besi, maana sisi hatukuwahi kukufundisha besi.

Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba ni mambo ya waliochoka kusoma. Mwambie ya kwako, au mwambie ya kwangu, mwambie baba mkubwa alikufanyia nini. Ataninunia, nitabeba. Ila asikae chumbani anafungua mdomo bila sauti kwa sababu yetu sisi wawili.

Fomu inatakiwa Ijumaa. Imeandikwa "mzazi au mlezi". Mwalimu wao amenipigia, kwa heshima, akauliza kama mimi nahesabika mlezi. Nimemwambia nitamjibu. Mtoto ameniletea hiyo karatasi, iko hapa mezani karibu na kalamu, na sijaigusa. Nipigie kabla ya Ijumaa. Ukiniona nimepokea na sisemi kitu, ujue nasikiliza.

Kaka yako.