Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: usisaini mchoro wa soko kabla hujaja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu, na pole kwa majukumu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopeleka masjala ziligongwa mhuri, basi.

Ijumaa mchoro wa soko jipya ulibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya soko. Tuliusoma tumebanana. Mbele maegesho ya magari madogo, mama lishe wote ghorofa ya pili. Fuso la nyanya litashushia wapi, hakuna anayejua. Kuli hawamo kabisa, hata kivuli cha kusubiria mzigo hawana.

Ulipokuja kututangazia mradi uliahidi kila mdau atasikilizwa. Kikao cha wadau kilifanyika kweli, ukumbini, na wenye maduka ya mbele na watu wa benki. Mimi niliyerithi meza ya nyanya kwa mama yangu nilizipata habari zake kwa kijana aliyepeleka kreti za soda.

Wadau waliandikwa majina. Nani anamtegemea nani, hakuna aliyeuliza, na soko lenyewe ndilo hilo. Saa tisa usiku fuso linaingia. Dalali anapatana bei na mwenye mzigo, kuli wanashusha matenga, mimi nachukua kwa mali kauli kwa kuwa dalali ananijua. Kuli bado hajalipwa, lakini anakunywa uji na chapati kwa mkopo, maana mama lishe yuko hatua chache tu na anamwona akibeba. Nikiuza namlipa dalali, dalali anamlipa kuli, kuli analipa uji wake. Sasa mpandishe mama lishe ghorofani, nani atamkopesha nani? Nadhani aliyechora alikuja mchana, jumla imeshaisha, akakuta rejareja na maganda.

Haya tumeshayaona. Machinga Complex, lile jengo la ghorofa la wafanyabiashara wadogo pale Karume, Ilala, vizimba vingi vilikaa vitupu kwa miaka, wafanyabiashara wakilalamika kuwa wateja hawapandi. Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, jumla aliipa nafasi yake shimoni. Mzigo ulikuwa na mahali kwenye mchoro. Wetu hauna.

Katiba, ibara ya 8, inasema wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Tutashiriki lini, Mheshimiwa? Wiki hii vigingi vya wapima vimechomekwa mpaka chini ya meza zetu!

Siombi fidia wala kizimba cha upendeleo. Njoo na msanifu wako saa tisa usiku. Lifuateni tenga moja kutoka kwenye fuso mpaka kwa mteja, mwandike kila mkono unaolishika na nani anamlipa nani. Usiku mmoja tu. Nakuomba, Mheshimiwa, usisaini kabla hujaja.

Muuza nyanya wa jumla,
Soko Kuu