Mgeni akiambiwa "saa tatu", anasikia nini?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sisi ni watembeza wageni wa Mji Mkongwe na mashamba ya Unguja, na kazi yetu ya kutwa ni kusimama katikati ya watu wawili wanaosemeshana. Kila msimu ukikaribia tunasikia ikisemwa kwamba mtalii anayezungumza Kiingereza hana shida ya lugha hapa kwetu: Kiingereza kinasomeshwa skuli, vibao vimeandikwa Kiingereza, na vijana wa ufukweni wanakimudu. Sisi tunaona mambo kwa upande mwingine. Mgeni na mwenyeji wakishindwa kabisa kuelewana hawaumizani. Wataonyeshana kwa vidole, watachora, wataita mtu. Madhara yanakuja pale wote wawili wanapoamini kwamba wameelewana, kumbe neno ni moja na maana ni mbili.

Saa ndiyo inayoongoza. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, na kwa kuwa tupo karibu na ikweta jua halipishani sana mwaka mzima, hesabu yetu inakaa sawa. Mzungu anaanza usiku wa manane, na tena adhuhuri. Tofauti ni saa 6 kamili, dakika hazibadiliki. Aliyekizoea Kiingereza hageuzi vibaya. Anayekosea ni yule mwenye haraka: nahodha wa boti ya kisiwa cha Changuu, dereva, mpokezi wa zamu ya usiku. Kichwani ana saa tatu asubuhi, mdomoni inatoka "three o'clock", na mgeni anafika pwani saa tisa alasiri, boti ilishakwenda na kurudi.

Lipo na kosa la upande wa pili, ambalo halisemwi sana. Mgeni aliyesoma kitabu kidogo cha maongezi anajua kwamba saa zetu zinapishana na zake. Akiambiwa "eight" iliyo sahihi kabisa, anaingiwa na shaka kuwa hiyo ni nane ya Kiswahili, anaigeuza mwenyewe, na anakuja saa nane mchana wakati gari lilimngoja saa mbili asubuhi. Kwa hivyo kumtajia saa kwa Kiingereza fasaha hakutoshi. Andika kwa tarakimu za saa 24, na kando yake andika yetu: 08:00, saa 2 asubuhi. Kama ipo saa ya mishale ukutani au mkononi, mwonyeshe kwamba namba yetu inatazamana na yake kwenye duara: 8 na 2, 9 na 3, 10 na 4. Hapo mgeni anaelewa bila maelezo zaidi. Anayekata tiketi ya boti ya Dar es Salaam, ambako saa huchapwa kizungu, naye aweke kidole juu ya namba iliyochapwa kuliko kuitamka.

Usiku una mtego wake. Kwa wengi wetu wa pwani siku mpya inaingia jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwa mzee ni ule ambao mgeni anauita Alhamisi usiku. Kijana wa leo naye pengine anahesabu kama mgeni. Ndege ya saa 8 usiku ndiyo inayoponza: mgeni anasema Ijumaa kwa kuwa tiketi yake imeandikwa Ijumaa saa 02:00, dereva anangoja mpaka Ijumaa ipite, anakwenda kumchukua usiku unaofuata, na ndege imeondoka siku nzima nyuma. Dereva aseme "usiku wa kuamkia Ijumaa", na aandike pia tarehe na saa ya kumfuata mgeni hotelini, si ya ndege peke yake. Tarehe yenyewe iandikwe kwa jina la mwezi. Mwingereza akiona 7/8 anasoma tarehe 7 Agosti kama sisi. Mmarekani anasoma tarehe 8 Julai. Wote wawili wanazungumza Kiingereza.

Sasa tuje kwenye "ndiyo". Kiswahili kinaafiki kauli ya aliyeuliza. Ukiuliza, "Hamna karanga humu?" na kweli hamna, mpishi atajibu, "Ndiyo," yaani ni kama ulivyosema. Kwa Kiingereza jibu la hapo ni "no". Mpishi akisema "yes" kwa adabu zake zote, mgeni anayeogopa karanga anabaki hajui ale au asile. Wafanyakazi wa mikahawa wafundishwe kujibu kwa kitenzi: zimo, hazimo. Mgeni naye aulize kwa kukubali: "Karanga zimo?" Maneno mawili hayo yanamtosha.

Kwenye picha mtego huo unaleta ugomvi hasa. Kiingereza cha adabu humuuliza mtu kama ataudhika akipigwa picha, na ruhusa hutolewa kwa kusema "no", yaani sitaudhika. Mama anayeuza embe soko la Darajani amelishika neno "photo" tu katika sentensi nzima. Anasema "No!" akiwa na maana asipigwe. Mgeni anatabasamu, anashukuru, anabonyeza. Mama anajitupia kitambaa usoni, watu wanakusanyika, na mgeni haelewi kwa nini anazomewa ilhali aliomba na akapewa. Mtembeza wageni anayejua kazi yake haliachi swali hilo litamkwe. Anamfundisha mgeni kunyanyua simu bila kuielekeza kwa mtu, kusema "Naomba picha, mama," na kungoja uso uitike kabla ya mkono.

Chakula kinataka uangalifu kuliko vyote, maana hapo kosa linaweza kuua. Kiingereza kina neno moja, "nuts", linalobeba karanga, korosho, lozi na jamii yake. Kiswahili cha jikoni hakina neno hilo moja. Mpishi aliyeambiwa "no nuts" atatoa karanga na kuacha korosho kwa moyo mweupe kabisa, na likisemwa haraka neno hilo linakaribia "nazi", akatoa tui na kuacha karanga. Kila kitu kitajwe kwa jina lake, kimoja kimoja. Usisahau mchicha na kisamvu, ambavyo mara nyingi hupikwa kwa karanga iliyotwangwa na jicho haliioni, wala kashata, wala mafuta ya kukaangia. Neno "mzio" ni zuri lakini jikoni si wote wanalijua. Wengi wanasema "aleji", na wapo wanaodhani ni jambo la kuwashwa ngozi tu. Kadi ya Kiswahili anayobeba mgeni kumwonyesha mpishi iseme kinachotokea: "Nikila karanga hata kidogo koo linavimba na pumzi inaziba." Sentensi hiyo haihitaji msomi.

Na asiyekula nyama? Kwa mpishi wetu nyama ni ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki. Akiambiwa mgeni hali nyama atamletea kuku kwa furaha, au pilau iliyopikwa kwa supu ya nyama na minofu ikaondolewa. Kadi itaje vinne: nyama, kuku, samaki, na supu yake.

Mengine tuyapitie haraka. "Hoteli" kwa watu wetu wengi ni mahali pa kula. Mgeni aliyechoka na mzigo mgongoni anaweza kupelekwa penye chai na maandazi, basi aulize gesti au "hoteli ya kulala". Dereva akisema "twenty" ataje na fedha: shilingi elfu ishirini haifiki dola 10, na mgeni aliyelipa dola 20 anajiona ameibiwa, au dereva aliyefikiria dola anajiona amedhulumiwa. "Elfu kumi na tano" inaweza kusikika 10,005 kwa anayejifunza. "Kumi na tano elfu" haina utata. Anayeelekeza njia na kusema "mbele ya msikiti" mara nyingi ana maana ukishaupita, wakati mgeni anasimama mlangoni pa msikiti. Sema "ukishaupita". Na mgeni akijikwaa ngazini ukamwambia "sorry" ukikusudia pole, anaweza kudhani umekiri kosa, ongeza, "umeumia?"

Programu za kutafsiri kwenye simu zinasaidia, ila kwa masharti. Mgeni apakue Kiswahili kabla hajafika, kwa sababu mtandao wa mashamba hukatika. Aandike sentensi fupi, jambo moja kwa sentensi, bila misemo. Kisha achukue kilichotoka akirudishe Kiingereza; kikirudi na maana nyingine, abadilishe maneno. Programu hubahatisha jinsia, maana "yeye" wetu hana mume wala mke, ikamfanya mgonjwa wa kike kuwa mwanamume. Na mwenyeji anayesema "anaendesha" akikusudia tumbo, simu inaweza kutoa habari ya mtu anayeendesha gari. Kwenye mambo ya afya tuseme "anaharisha", ingawa mdomoni ni zito kidogo.

Hilo linatufikisha hospitali na duka la dawa, ambako tungependa wahusika watusikie zaidi. Mguu kwetu unaanza nyongani hadi vidoleni, mkono unaanza begani hadi kuchani; Kiingereza kina majina mawili kwa kila kimoja. Anayetafsiri asitaje tu, agusishe mahali penyewe. Kisha ipo bahasha ndogo ya dawa. Juu yake huandikwa "1 x 3" na kila Mswahili anajua: kimoja, kutwa mara tatu. Mgeni hana ufunguo huo. Anaweza kusoma vitatu kwa mara moja, au kimoja kwa siku tatu.

Chukua dawa ya mseto ya malaria, ile ya vidonge 24 kwa mtu mzima: vidonge 4 kutwa mara mbili kwa siku 3. Bahasha inasema "4 x 2". Mgeni anayesoma mara nne, viwili viwili, atafikisha idadi ile ile ya siku lakini kila kipimo kitakuwa nusu. Kipimo cha pili cha siku ya kwanza kinatakiwa saa 8 baada ya cha kwanza, na hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. "Kunywa baada ya saa nane" ni baada ya muda wa saa nane, au ikishapita saa nane mchana? Aliyemeza cha kwanza saa nne asubuhi atarudia saa kumi na mbili jioni kwa maana ya kwanza, na saa nane mchana, muda wa saa nne tu, kwa maana ya pili. Mfasiri naye akichagua vibaya, mgeni hana wa kumsahihisha.

Tunawaomba wenye maduka ya dawa wafanye hivi. Wasiandike "baada ya saa 8". Wapige hesabu wenyewe na kuandika saa ya kumeza kwa tarakimu, 18:00, kila kipimo kwenye mstari wake, na idadi ya vidonge mbele yake. Waeleze kwamba dawa hiyo huliwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Wasimuulize mgeni kama ameelewa, kwa sababu atasema "yes" kwa adabu kama sisi tunavyosema "ndiyo". Wampe bahasha mkononi, wamwombe aseme kwa mdomo wake atameza vingapi na saa ngapi, na wasimwache atoke dukani kabla hajapatia.

Watembeza wageni,
Mji Mkongwe, Unguja