Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa vibali: naomba ruhusa ya kulalamika

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Kibuye, Kisumu, ambako mtaro wa nyuma ya vibanda vyetu vya omena umeziba tangu masika. Siandiki kuhusu mtaro. Kibali cha kuutaja sina, na wateja wanaokuja na gambuti wamezivaa kwa hiari yao.

Naandika kukupongeza. Kanuni yako mpya, kwamba anayetaka kulalamika apate kwanza kibali cha anayelalamikiwa, imeleta utulivu ambao hata rungu na vitoza machozi havikuuleta. Soko zima sasa limeridhika, kwa maandishi, nakala tatu.

Fomu yenyewe ni ya kistaarabu. Ukurasa wa pili unauliza utalalamika kwa sauti gani: ya chini, ya chini sana, au moyoni. Nikatia alama penye "moyoni". Karani akasema basi moyo lazima ukaguliwe, na mkaguzi yuko semina Naivasha. Hata hivyo alinihurumia: akaupumulia muhuri uliokauka wino, akaugonga kwa nguvu, ikatoka ngao ya taifa yenye simba mmoja. Ngao nusu ni kibali nusu, nikarudishwa nyuma ya foleni. Ya chai iliombwa pia, chini ya bango lisemalo hapa hakuna ufisadi.

Nilikuwa nimejihami na Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Karani alikisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akanirudishia karatasi.

"Ni kizuri, mama. Ila hakijagongwa muhuri."

Miaka ya 1920 mkoloni aliwavalisha wazee wetu kipande cha utambulisho shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, apate kujua wanamfanyia nani kazi na kwa mshahara gani. Wewe umemzidi kwa upendo, maana wataka kujua hata tunachonung'unikia usiku.

Nina ombi moja. Askari wa lango anasema benchi ni la wenye kibali cha kusubiri, na kibali hicho hutolewa kwa waliokwisha kusubiri. Naomba unitumie kibali hicho nikiwa nimesimama.

Wako mtiifu,
Muuza omena
(jina litafuata, kibali cha kujitambulisha kikitoka)