Huyu ndo msanii niliyekuwa nakwambia

Mambo shoga angu,

Uliniuliza eti mtu aliyekulia shamba tu anaweza kuja kuwa msanii mkubwa wa sanamu, basi ngoja nikupe habari za Ruth Asawa maana huyu mama nampenda mno. Kazaliwa 1926 Norwalk, California, wazazi wametoka Japani, wakulima wa mboga, na sheria za California enzi hizo zilikuwa zinawakataza wahamiaji wa Kijapani kumiliki ardhi, kwa hiyo wanahenyeka kwenye shamba lisilo lao, watoto saba na wote wanapiga kazi. Sasa kulikuwa na chombo cha kusawazishia udongo kinachovutwa na farasi, Ruth anakaa nyuma miguu inaning'inia, anaiburuza mchangani, anaibana ndani anaitanua nje, huku nyuma inabaki mistari inayobana kiuno halafu inajaa, inabana tena inajaa tena. Ukiona sanamu zake za ukubwani utayakuta maumbo yaleyale! Na mwenyewe alikuwa anasema yalianzia pale.

1942, Marekani ikiwa vitani na Japani na inawafungia watu wenye asili ya Japani, FBI, wale wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakamchukua baba yake, familia nayo ikafungiwa Santa Anita, uwanja wa mbio za farasi, wanalala kwenye mabanda ya farasi. Humohumo akafundishwa kuchora na wachoraji wa katuni wa Disney waliofungwa kwa kosa hilohilo la kuwa na asili ya Japani.

Halafu 1947 akaenda Toluca, Mexico, akaona watu wanafuma vikapu vya mayai kwa waya, akajifunza. Sanamu zake ni waya na mkono tu, kitanzi kinaingia kwenye kitanzi, anafuma umbo na ndani yake umbo jingine, na la ndani unaliona lote maana waya hauzibi kitu. Zinaning'inizwa juu, vivuli vyake vinatembea ukutani.

Kinachoniuma ni wale wakosoaji wa miaka ya 1950 walioziona sanamu zake kama kazi za mikono tu za mama wa nyumbani, kisa anafuma huku watoto wake wako pembeni. Mi naona nguvu yake ilikuwa hapohapo, ndo maana 1968 akasaidia kuanzisha mafunzo ya sanaa shule ya Alvarado kule San Francisco, watoto wanafinyanga unga na chumvi.

Tafuta picha za sanamu zake zilizopo jumba la makumbusho la de Young, hukohuko San Francisco, usipite harakaharaka, fuata waya mmoja kwa macho mpaka ukupotee, halafu nipigie tuongee.