Salamu za shukrani: tumerudi salama kutoka umisheni

Familia yetu inapenda kutoa shukrani za dhati kwa wote mliotusaidia kwa hali na mali katika safari ya umisheni ya siku 16 nje ya nchi. Tuliondoka sita, tumerudi sita, wote wazima, ukiacha kikohozi cha Bibi ambacho mwenyewe anashikilia kwamba alikwenda nacho. Makanisa 5 na makao ya watoto 3 tuliyoahidi kuyatembelea, tumeyafikia yote. Utukufu ni wa Mungu.

Hatuwezi kumtaja kila mmoja, lakini wapo ambao tukiwanyamazia tutakuwa wachoyo wa fadhila. Wa kwanza ni muuguzi wa chanjo. Tulikuwa tumeshakata tiketi ndipo tukampeleka kitindamimba wetu kuchanjwa homa ya manjano, zikiwa zimebaki siku 6. Dada yule akauliza tunasafiri lini, kisha akaweka kalamu chini. Cheti cha chanjo hiyo huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo mtoto angekwamia mpakani. Kosa lilikuwa letu. Habari za kadi ya njano tulizijua, za siku zake hatukuzijua. Tukasogeza safari wiki moja mbele. Muuguzi huyohuyo ndiye aliyetutoa wasiwasi kuhusu kadi ya Bibi, ambayo kwa maandishi yake ilishaisha muda zamani. Kumbe tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile kilichotolewa kabla ya hapo. Siku hizi Bibi akipata mgeni, kadi inatolewa.

Asanteni wachungaji na wazee wa makanisa yaliyotupokea, mliobadilisha ratiba zenu kwa sababu ya uzembe wetu bila hata kunung'unika. Asanteni majirani mliotulindia nyumba. Asanteni vijana mliotufungia mizigo hadi usiku wa manane. Na akina mama mliochambua nguo za msaada, Mungu awazidishie subira, maana humo mlikuwa na nguo zisizo na vifungo, suruali zilizopasuka magotini na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto ambacho mwenzake hakuonekana. Hizo hatukuzibeba. Mtoto akikosa nguo, haina maana kwamba anahitaji ambayo sisi tungeona aibu kuivaa.

Wengi mmetuuliza picha ziko wapi. Za makanisani zipo, na za kwaya, na ile ya Bibi akiimba kwa lugha yetu huku kanisa zima likiimba tuni ileile kwa lugha yao, wote macho yamefumbwa. Za watoto wa kwenye makao hamtaziona. Makao ya kwanza tulikataliwa getini, tena kwa upole sana: simu zikawekwa kwenye kikapu ofisini. Mlezi mkuu alitwambia kwamba mtoto wa pale ana jina, ana ukoo na kesho yake atakuwa mtu mzima. Haipendezi sura yake ya siku ngumu ibaki ikizunguka kwenye simu za watu asiowajua. Baba alitaka kueleza kwamba picha ni za kuwaonyesha waliochanga. Akaianza sentensi, akaiacha katikati.

Ni hapohapo binti wa miaka kama saba hivi alipomsogelea Mama, akashika ukingo wa kitenge chake na kusema neno fupi. Kijana aliyekuwa akitutafsiria alisita kidogo. Binti alikuwa ameuliza, "Mnaondoka lini?" Hata salamu hatujamaliza! Mama akajibu Alhamisi. Binti akaitikia kwa kichwa, akaachia kitenge, akarudi kucheza. Baadaye mlezi akatueleza kuwa wageni huja wengi, hukumbatia, hulia, huondoka, na watoto wamejifunza kuuliza mapema. Akatuomba, kama tunataka kusaidia, tufanye kazi kuliko kubeba watoto. Basi Baba na kaka mkubwa wakakarabati milango na madirisha, Mama na Shangazi wakashona mashuka, Bibi akakaa na walezi akawasikiliza tu. Nadhani Bibi ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko sisi wote.

Sasa habari za fedha. Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa wakaeleza mambo yote, na sisi tunawajibika kueleza, kwa kuwa mchango wenu haukwenda wote mlikouelekeza. Mlichanga vitanda 12. Tumenunua 4. Mlezi mkuu alitufungulia daftari lake: wengi wa watoto wale wana mzazi mmoja aliye hai, au bibi, au mjomba, na kilichowaleta pale ni ufukara. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi ya watoto wasio na uangalizi wa wazazi inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwao. Akasema kila kitanda kipya huwa kinapata wa kukilalia, lakini nauli ya kumpeleka mtoto likizo kwa bibi yake haina mfadhili, kwa sababu nauli haibandikwi jina la aliyeitoa. Tulikaa kikao cha familia usiku ule, tukabishana kweli, mwishowe tukakubaliana. Fedha iliyobaki imekuwa nauli na matumizi ya watoto 9 pamoja na walezi watakaowasindikiza kwa ndugu zao, kuona kama wanaweza kurudi kuishi huko.

Hatukupata nafasi ya kuwauliza kwanza, na kwa hilo tunaomba radhi kwenu mliotoa kwa ajili ya vitanda. Atakayeona tumekosea asisite kutwambia. Risiti zote ziko kwa mweka hazina, pamoja na barua ya makao, na yeyote aliyechanga anaruhusiwa kuzikagua.

Kile kiatu cha kushoto bado kipo kwetu, mwenyewe aje akichukue.

Mungu awabariki sana.

Ni sisi, Baba, Mama, Bibi, Shangazi na watoto.