Joto na presha tu havitoshi kugeuza mwamba, maji mmeyaacha wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo linanikera muda mrefu na naona gazeti linaweza kulisukuma kuliko mimi nikiongea peke yangu darasani. Nafundisha jiografia sekondari. Kila mwaka tukifika mada ya miamba tunawaandikia watoto ubaoni kwamba miamba geu, hii wengi wanaiita metamofiki, inatokea pale mwamba wa zamani unapopata joto kali na presha kubwa, basi, tunapiga mstari tunahamia mada nyingine. Tukifika kwenye volkano tunawaambia mabamba ya dunia yanagongana, moja linazama chini ya lingine, yanasuguana, msuguano unaleta joto, mwamba unayeyuka, mlima unalipuka. Mtihani ukija mtoto anaandika hivyohivyo na anapata maksi zake zote. Sasa shida ni kwamba mhusika mkuu hayupo kabisa kwenye hayo maelezo, na huyo mhusika ni maji.

Tuanzie chini ya bahari kwanza. Sakafu ya bahari ni basalti, mwamba mweusi wa volkano, inazaliwa ikiwa ya moto, ikipoa inapasukapasuka na maji ya chumvi yanapenya kwenye zile nyufa, na hayakai humo kama maji ya ndooni, yanaingia kwenye madini yenyewe yanafungwa ndani ya fuwele. Mwamba wa chini yake, peridotaiti, maji yakiufikia unageuka kuwa sepentini, lile jiwe la kijani ambalo ukilipapasa ni kama limepakwa mafuta, na karibu asilimia 13 ya uzito wake ni maji. Yaani kilo 100 za sepentini, jiwe ambalo mkononi ni kavu kabisa, zina kama lita 13 za maji zimefungwa ndani! Mzigo huo ndio unaoshuka pale bamba la bahari linapozama, kule Japani, Chile, Indonesia, Ufilipino.

Likishuka presha inapanda na joto linapanda, na kila aina ya madini ina kikomo chake, ikifika hapo haiwezi kushikilia maji tena inayaachia. Wanaofyatua tofali watanielewa haraka, tofali umelianika juani mpaka limekauka kau, likiingia tanuruni bado linatoa mvuke, kwa sababu udongo wenyewe una maji ndani ya chembe zake ambayo jua haliwezi kuyatoa. Basi basalti nayo hivyohivyo, inaanza kuwa mwamba wa rangi ya bluubluu, inazidi kushuka, mwisho inakuwa eklojaiti, mwamba mzito wenye ganeti nyekundu zimetapakaa kwenye madini ya kijani, na hapo maji karibu yote yameshatoka.

Yameenda wapi? Yamepanda, yameingia kwenye manto, lile tabaka nene la miamba ya moto chini ya ganda la dunia, sehemu yake iliyoko juu ya lile bamba. Manto kavu kwa kina cha kilomita 100 inahitaji karibu nyuzijoto 1500 ndio ianze kuyeyuka, ila ukiipa maji nyuzi kama 1000 zinatosha, kwa hiyo inayeyuka bila hata kuongezewa joto. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inazaliwa hapo, na ndio maana volkano za kule zimepangana mstari juu ya sehemu ambayo bamba limefika kina cha kama kilomita 100. Tena lile bamba linalozama ni la baridi kuliko vyote vinavyolizunguka kwa kina hicho, sasa huo msuguano wa kwenye madaftari yetu unapata wapi nguvu ya kufanya kazi yote hiyo? Na maji hayohayo yakishayeyuka ndani ya magma yanapanda nayo, yakikaribia juu yanageuka gesi, ndipo unapata mlipuko kama wa Pinatubo, Juni 1991. (Kilimanjaro, Meru na Oldoinyo Lengai msizichanganye humu, hizo ni za Bonde la Ufa, chanzo chake kingine.)

Sasa kuna kisiwa kinaitwa Holsnøy, karibu na Bergen kule Norwei, na natamani kila mwalimu wa jiografia akijue. Pale kuna mwamba mkavu wa granulaiti ambao zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, mabara yalipogongana, ulizamishwa zaidi ya kilomita 50 chini. Presha ya kugeuka eklojaiti ilikuwepo, joto lilikuwepo, kwa hesabu za ubaoni mwamba wote ulitakiwa ugeuke. Haukugeuka! Umebaki granulaiti vilevile, isipokuwa kwenye nyufa na mikanda ambayo majimaji yalipenya, pale tu ndio unakuta eklojaiti, kwenye jabali lilelile, hatua moja umekanyaga mwamba uliogeuka na hatua inayofuata umekanyaga ambao haukugeuka. Mwanajiolojia Håkon Austrheim aliandika habari hiyo mwaka 1987 na mpaka leo wanajiolojia wanaenda kuangalia. Chembe za madini ili zijipange upya zinahitaji kitu cha kuzisafirisha, bila majimaji zinakaa tu zilivyo hata uzikandamize mamilioni ya miaka. Mimi naona ushahidi huo pekee unatosha kubadilisha ile sentensi ya ubaoni.

Kuna mtu atasema hayo ni mambo ya wataalamu, watoto wetu yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Tarehe 26 Desemba 2004 ukanda wa Sumatra, Indonesia, ambako bamba la bahari linazama, ulitikisika, na wimbi lilivuka bahari yote ya Hindi likaua watu mpaka Somalia, Kenya na hapa Tanzania. Kwenye kanda hizi majimaji yanayotoka kwenye bamba yanajaza nyufa na kupunguza mshikamano wa miamba, na mwaka 2002 mtafiti wa matetemeko Kazushige Obara alionyesha mitetemo midogo ya muda mrefu kusini magharibi mwa Japani, kina cha kilomita 30 hivi, akaihusisha na majimaji hayo. Mtoto wa Tanga au Kilwa ana haki ya kuelewa bahari iliyo mbele yao inaweza kutikiswa na nini.

Halafu ushahidi mwingine tunao wenyewe! Kwenye miamba ya Usagara, kilima cha Yalumba, kuna eklojaiti ambazo zamani zilikuwa sakafu ya bahari. Mwanajiolojia Andreas Möller na wenzake waliandika mwaka 1995 kwamba zilizama mpaka kina cha kama kilomita 60, karibu miaka bilioni 2 iliyopita, na ni kati ya eklojaiti kongwe zinazojulikana duniani. Yaani bamba la bahari lilizama hapa katikati ya nchi yetu, na wanafunzi wetu wanakariri mifano ya Japani tu. Kongwa nako kuna kilima cha Mautia, huko ndiko ilikogunduliwa yoderaiti, aina ya madini ya zambarau iliyotangazwa mwaka 1959 na kupewa jina la Hatten Yoder, mtaalamu wa miamba Mmarekani. Iko kwenye mwamba mweupe pamoja na madini mengine, talki na kayanaiti, na yenyewe pamoja na talki zina maji ndani ya fuwele. Huo wa Mautia umetokana na mabara kugongana baadaye sana, sio bamba la bahari kuzama, ila habari ya majimaji iko palepale na wataalamu bado wanajadiliana yalipita vipi mle.

Hata tanzanaiti ya Mirerani ni aina ya zoisaiti, na zoisaiti karibu asilimia 2 yake ni maji, ni moja ya madini yanayobeba maji kwenda chini kwenye mabamba yanayozama. Na ndugu zetu wa Omani wanaosoma Kiswahili waende As Sifah, kusini mashariki ya Maskati, waangalie eklojaiti pale karibu na ufukwe, zilizama na kurudi juu zama za dainosari.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri: kwenye kurasa zenu za elimu andikeni habari ya Yalumba na Mautia, mtumeni mwandishi na mpiga picha waende na mwanajiolojia. Wanaotunga mihtasari na vitabu waongeze majimaji pale penye joto na presha, neno moja tu, na ile habari ya msuguano kuyeyusha mwamba waitoe. Na halmashauri ya Kongwa iweke hata kibao pale Mautia, kiandikwe kwa Kiswahili, shule zikija zijue zimefika wapi.

Mwalimu wa jiografia,
Dodoma