Barua ya wazi kwa Msajili wa Jumuiya: muujiza tuachie sisi, wewe kagua mlango

Kwa Msajili wa Jumuiya,
Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi,
Dodoma.

YAH: MANABII NA WATENDA MIUJIZA

Ndugu Msajili,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Machi 2011 marehemu mama yangu alikaa siku nne kwenye foleni ya magari kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mizizi, maarufu kama kikombe cha Babu. Alikuwa na kisukari. Kikombe kilikuwa shilingi 500, bei ileile kwa mama ntilie na kwa waziri, na mawaziri walikwenda kweli. Kilichotumaliza ni nauli. Mbuzi watatu waliondoka. Sina kinyongo na huyo Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapila, Mungu amrehemu. Alisema ameoteshwa, akachemsha mizizi ya mugariga, akagawa. Mama alirudi akicheka, akaendelea na vidonge vyake kwa sababu binti yake ni mkali.

Wengine hawakurudi. Ndugu zao waliwatoa wodini wakiwa na dripu, wakawapakia kwenye mabasi, wakafika mahali ambapo foleni ina kilomita nyingi, choo hakuna, maji ya kunywa hakuna. Taarifa za wakati ule zilitaja waliofia njiani na foleni ni zaidi ya 50. Wagonjwa wapya walikuja kusimamishwa mwishoni mwa Machi, watu wakiwa wamejaa tayari.

Miaka tisa baadaye, Februari 1, 2020, ikawa Moshi. Watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada uwanjani wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Hapo hatubishani kama mafuta yana nguvu au hayana. Swali ni nani aliyehesabu watu, na nani aliyekagua njia za kutokea.

Najua kuna wanaokushauri ufute usajili wa manabii wote. Tafadhali usiharakishe. Wajerumani walimnyonga nabii Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya kuwakinga watu na risasi, pale Mohoro, Agosti 4, 1905, vita ya Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Maji yake yalisafiri bila yeye hadi kwa Wangoni, na vita ikaendelea mpaka 1907. Na jirani zetu Kenya: kanisa la mhubiri Paul Mackenzie pale Malindi lilifungwa 2019, wafuasi wakahamia msitu wa Shakahola, huko ambako hakuna jirani wa kusikia mtoto akililia chakula. Mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili, wengi wao waliofunga kula hadi kufa, ikapita 400. Heri nabii aliye mtaani, mwenye namba ya usajili na mjumbe wa nyumba kumi anayemfahamu.

Kwa hiyo naomba machache. Anayeita umati aonyeshe kwanza milango, vyoo, maji na gari la wagonjwa, kama anavyotakiwa mwenye tamasha la muziki. Anayeuza mafuta, chumvi au vitambaa vya upako atoe risiti. Babu na mia tano yake asingeogopa hilo. Na hili ndilo zito kuliko yote: atakayemwambia mgonjwa aache ARV, insulini au dawa za kifua kikuu apoteze usajili siku hiyohiyo. Aombe usiku kucha akitaka, aweke mikono, apige kelele (majirani tumeshazoea), lakini vidonge asiviguse. Mtaani kwetu nimeshazika mama mmoja aliyesimamishwa madhabahuni kushuhudia kuwa amepona, kabla ya kipimo. Alikuwa na miaka 34. Kadi yake ya kliniki tuliikuta ndani ya Biblia.

Kanisa hilo silitaji hapa. Jengo lake lina mlango mmoja wa chuma, unafungukia ndani, na madirisha yana nondo. Ijumaa hii wana mkesha, wametangaza watu wote wanakaribishwa.

Wako mtiifu,
Mkazi wa hapa jirani